Simeo Mikaeli wa Kilole, Aliyeliliwa Mara Mbili

Ndugu, jamaa na majirani, wasifu huu unaanza na jambo ambalo katika misiba mingine halina haja ya kusemwa: Simeo Mikaeli amefariki dunia. Alifariki nyumbani kwake Kilole, Korogwe, Jumatatu tarehe 9 Februari 1959, saa kumi na moja alfajiri. Mganga wa hospitali alimpima akatia sahihi, na mkewe akamfumba macho. Tangu jana wameingia chumbani mwake watu wengi kuliko kawaida, na si wote walioingia kuaga. Yupo aliyemminya kidole cha mguu. Yupo aliyewasha kiberiti karibu na pua yake akasubiri mpaka kikamuunguza vidole. Familia haikumkataza mtu. Inajua kwamba watu wa hapa wana sababu ya kushuku, na sababu hiyo imo ndani ya maisha yenyewe ya marehemu.

Alizaliwa Handeni mwezi Juni 1916, wiki ile Waingereza walipoingia na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini. Baba yake, Mikaeli, alikuwa Mnyamwezi aliyekuja na misafara ya wapagazi, akatua mzigo Handeni, akaoa, na mzigo ule hakuuinua tena. Mama yake, Bi. Mwatumu binti Mdoe, ni Mzigua na Mwislamu, mkulima mtoto wa wakulima. Alimzaa Simeo kichakani, maana mji mzima ulikuwa umekimbia, na alimziba mtoto mdomo kwa kiganja mpaka vishindo vya askari vikapotea. Waliomjua Bi. Mwatumu tangu siku hizo husema kuwa hakuwahi tena kuamini kelele, na ukimya aliuamini kidogo zaidi. Baada ya Simeo alizaliwa dada yake, Chausiku.

Mikaeli alipata kazi ya kukata mkonge karibu na Korogwe, na mwaka 1925 akamchukua mwanawe kambini ili asome. Simeo alibatizwa, akaingia shule ya misheni Kilole, akasoma mpaka darasa la nne, akaondoka mwaka 1930. Hesabu zilimshinda, ila alikuwa na kipaji ambacho walimu hawakujua wakiandikie alama gani: aliweza kuwa mtu yeyote. Aliigiza mwendo wa mnyapara hata mnyapara mwenyewe akacheka. Likizo moja ya mwaka 1929, akiwa na miaka kumi na mitatu, alisimama nje ya nyumba ya mama yake Handeni, akakohoa kama baba yake, akaita kwa sauti ya baba yake, "Mwatumu, fungua, mvua hii!" Bi. Mwatumu alifungua mlango mbio akiwa na kanga ya kumfutia mume, akakuta mtoto anacheka. Hakumpiga. Alisema, "Leo umekuwa baba yako. Kesho utakuwa nani, nami nikufungulie?"

Alianza kazi mwaka 1931 kwenye mashamba ya mkonge, kwanza kukata, halafu korona, yaani kiwanda cha kukamua mkonge, kwenye chumba cha kupiga nyuzi brashi, ambako vumbi ni jeupe na mtu hutoka amezeeka nyusi. Mwaka 1936 alipanda lori kama utingo, akajifunza udereva. Vita vilipokuja alijiunga na jeshi mwaka 1940, akaendesha magari ya risasi mpaka Burma, akarudi Januari 1946 akiwa mzima, na Kiingereza cha kambini, Kihindi cha sokoni, na habari za kitambaa cheupe cha sinema alichokiona jeshini ambacho watu hutembea juu yake na hawaanguki. Baba yake alikuwa amefariki mwaka 1944, yeye akiwa safarini. Hakumzika, na jambo hilo lilimkaa moyoni.

Tarehe 4 Oktoba 1947 alifunga ndoa na Grasiana, binti wa Mzee Habakuki wa Bungu. Mzee Habakuki hakumkubali kwa haraka. Watu wa milimani huwachunguza watu wa bondeni, na huyu alikuwa bondeni mara mbili, kwa makazi na kwa maneno.

"Nasikia unaweza kulia ukitaka," mzee alimwambia.

"Naweza, baba."

"Basi siku ukilia kweli, binti yangu atajuaje?"

Simeo alikosa jibu, na siku zote alisema kuwa ni kule kukosa jibu ndiko kulikompa mke.

Mwaka 1950 ulifika Korogwe msafara wa Mzungu mmoja, Bwana Halden, mpiga picha za sinema, akitafuta lori na dereva. Dereva alikuwa Simeo. Siku ya tatu Bwana Halden aliwakuta wapagazi wake wamelala chini kwa kicheko, na katikati yao akajiona mwenyewe, kofia yake, hasira yake, hata namna yake ya kutafuta miwani iliyo usoni. Kuanzia siku hiyo Simeo hakuendesha lori tena. Picha yake ya kwanza ilikuwa ya mafunzo: alikuwa mzembe anayekunywa maji ya dimbwi. Watu wa Mkumbara walioiona walimwonea huruma kiasi cha kumletea dawa ya minyoo.

Halafu akaja Kamba Saba. Wengi hapa mnamkumbuka. Alikuwa shujaa asiyepigwa risasi ikamwingia, aliyevaa vazi la nyuzi za mkonge lililopakwa tope jeusi la mtoni, uso umefunikwa, kamba saba zimezungushwa kiunoni. Kwa kamba moja alivuta behewa la gari moshi. Kwa nyingine aliwafunga wezi wa mifugo kumi na wawili kama kuni. Aliruka kutoka chini hadi juu ya paa la korona bila ngazi. Picha ya kwanza ilitoka mwaka 1951, ya pili 1952, ya tatu 1954, na gari la sinema lilizionyesha kwenye viwanja na magulio, kitambaa kimetandazwa ukutani, kuanzia Mombo hadi Handeni.

Simeo hakuficha namna zilivyotengenezwa. Alieleza kila aliyeuliza kwamba kwenye paa aliruka kushuka, na Mzungu akaigeuza picha irudi nyuma. Maelezo hayo hayakusaidia. Mzee mmoja wa Mkumbara alisimama katikati ya picha akanyoosha fimbo: "Mbona moshi wa jiko lile unarudi ndani?" Akaambiwa kuwa picha imegeuzwa. "Kama wanaweza kuurudisha moshi," mzee akasema, "wataacha kumrudisha mtu?" Akajifunga shuka lake akaenda zake.

Yaliyotokea Alhamisi tarehe 14 Agosti 1952 lazima yasemwe taratibu, maana kila mtu ana yake.

Katika picha ya pili Kamba Saba anakufa, anazikwa, kisha anafufuka. Bwana Halden alihitaji watu wa kulia. Kazi ya kuwakusanya alipewa Mzee Mwinjuma, jirani na rafiki wa marehemu, ambaye yuko hapa na ameruhusu jina lake lisomwe. Kaburi lilichimbwa pembeni mwa shamba la mkonge. Wanawake wa Kilole walikuja, na wa kambini pia. Mashine ya picha ikawekwa tayari, Mzungu akainua mkono, na hakuna aliyelia.

"Wana nini?" Mzungu akauliza.

Mzee Mwinjuma akawauliza, akarudi. "Bwana, wanasema hawamjui. Kamba Saba ni mtoto wa nani? Kwao wapi? Hatuwezi kumlilia mtu asiye na ukoo, kilio kitakosa pa kushika."

"Waambie walie wanavyojua wao."

Wakalia wanavyojua wao. Walimlilia Simeo, wa Mikaeli, wa Mwatumu binti Mdoe wa Handeni. Walimtaja baba yake na mababu zake mmoja mmoja kama inavyopasa. Kilikuwa kilio kizuri, na Bwana Halden aliwashukuru kwa machozi machoni. Sanduku likateremshwa, udongo wa konzi moja moja ukatupwa, kisha watu wakaambiwa waende nyumbani kabla jua halijapungua. Walipogeuka tu, ubao wa sanduku ukafunguliwa, Simeo akatoka akijikung'uta. Lakini wao hawakuona. Kufufuka kulipigwa picha siku nyingine, mahali pengine, hakuna jirani hata mmoja. Siku ya tatu baada ya kilio, wanawake wawili walinyoa nywele, kwa sababu kilio kilicholiliwa kwa majina ya ukoo hakiachwi bila kumalizwa. Mzee Mwinjuma amekuwa akisema neno moja tangu siku ile: "Nilimwona akiingia. Sikumwona akitoka."

Nje ya shamba, barabarani, alikuwa akipita Kibwana, mchuuzi wa tumbaku wa Mkumbara, akielekea Handeni. Alisikia kilio, akasikia majina. Hakuuliza, maana kilio hakiulizwi. Kesho yake jioni alikuwa mlangoni kwa Bi. Mwatumu amevua kofia.

Handeni waliweka matanga ya kweli. Ndugu walitoka vijiji vya mbali, mbuzi alichinjwa, dua ikasomwa. Bi. Mwatumu alinyolewa. Na siku ya kumi na mbili, Jumanne tarehe 26, Simeo alishuka kwenye lori akiwa na mfuko wa sukari na doti ya kanga, hajui lolote, akapita katikati ya wageni waliokuwa wanafunga mizigo yao. Mmoja alidondosha sufuria. Alifika mlangoni.

"Shikamoo, mama."

Bi. Mwatumu alimtazama kuanzia miguuni kupanda juu. Hakusema marahaba. Aliingia ndani akakaza komeo.

Wageni kutoka mbali wanaosikiliza wasifu huu wanaweza kuona kuwa neno moja si kitu. Lakini mtu anayenyimwa marahaba na mama yake hana mahali pa kuanzia siku. Katika nchi yetu kuna watu huzikwa na hawafi. Wachawi huwachukua, huwatumikisha shambani usiku na kuwalisha pumba, nasi huwaita misukule. Bi. Mwatumu aliamini kuwa mwanawe ameuawa na watu wa sinema, na kwamba aliyesimama mlangoni ni kitu chao, wamekivika uso wake. Wala hakuwa mpumbavu. Alipima. Siku hiyo hiyo, kupitia tundu la mlango, alimuuliza jina la mbuzi wao wa mwaka wa njaa, na nani alimkata kitovu, na baba yake alikuwa akiuita nini mguu wake wa kushoto. Simeo alijibu yote bila kukosea.

"Umejibu upesi mno," mama akasema. "Mwanangu alikuwa msahaulifu."

Alimpitishia chumvi chini ya mlango, maana msukule hali chumvi. Simeo aliila yote mbele ya mashahidi mpaka akatapika.

"Anajua kuigiza," mama akasema.

"Basi twende Kilole, mama, nikalifukue kaburi mbele yako! Utakuta tupu!"

 Kisha sauti ikatoka ndani, taratibu: "Kaburi la msukule huwa tupu. Ndivyo tunavyowajua."

Kwa miaka sita na nusu, kila mwisho wa mwezi, marehemu alikwenda Handeni. Alibisha, akasema shikamoo, akasubiri, akaacha alichobeba kizingitini, akarudi. Vitu vile Bi. Mwatumu aliwapa majirani, naye akawaangalia kama watadhurika. Chausiku alimsihi, akaambiwa, "Wewe umezaa wangapi hata unifundishe wangu?" Simeo hakukasirika, au kama alikasirika, mkewe tu ndiye aliyeona. Alimwambia Grasiana mara moja, wakirudi: "Nimewadanganya watu elfu kuwa mimi ni shujaa. Mtu mmoja nimeshindwa kumsadikisha kuwa mimi ni mimi."

Na huku Kilole mambo hayakuwa mepesi. Masika ya mwaka 1954 lori lilizama mtoni karibu na Mkumbara, na watu badala ya kulivuta walikwenda kumwita Kamba Saba. Alifika, akafunga kamba, akavuta, akaanguka kwenye tope. Akaomba wanaume thelathini, wakavuta pamoja, lori likatoka. Walipaswa kufurahi. Walinung'unika njia nzima. "Anajificha," walisema. "Mbona kwenye ukuta alivuta behewa?" Mwaka uliofuata Bwana Halden alifunga vyombo vyake akaondoka nchini bila kuaga vizuri, sinema za Kamba Saba zikaacha kuonyeshwa, na hakuna ofisi iliyoeleza kwa nini. Wengine walisema serikali haipendi shujaa anayekusanya watu wengi wakati huu wa mikutano. Wengine walisema Mzungu ameondoka na kitu cha Simeo. Marehemu alirudi kwenye usukani wa lori la mkonge akawa dereva mwema, asiyelewa, asiyekosa msibani kwa mtu. Alikwenda kila msiba wa Kilole, akachimba, akabeba. Alikaa pembeni kidogo, kwa sababu walikuwapo waliosogea akikaa katikati.

Kikohozi kilimwanza mwaka 1957. Waganga walisema ni kifua, kutokana na vumbi la ujana wake pale kwenye brashi. Alilazwa mara mbili, na Novemba 1958 akarudishwa nyumbani, maana hospitali haikuwa na la zaidi. Chausiku alipeleka habari Handeni. Tarehe 12 Januari mwaka huu Bi. Mwatumu aliteremka kwenye basi hapa Korogwe, amebeba chungu chake, unga wake, na maji yake mwenyewe kwenye kibuyu. Hakula cha nyumba hii. Alikaa kizingitini mwa chumba siku tatu, mgongo umeegemea mhimili, macho kwa mgonjwa.

"Mama, msukule haugui," Grasiana alimwambia. "Wewe mwenyewe umesema."

"Nimesema."

"Basi huyu anaugua. Huoni damu kwenye kitambaa?"

"Naona kitambaa chekundu," Bi. Mwatumu akasema. "Kwenye sinema pia alitoka damu. Walinionyesha Handeni ukutani. Nililia mbele ya watu, kisha akainuka."

Simeo alikuwa macho. Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Alipopata pumzi alisema, "Shikamoo, mama."

Bi. Mwatumu alifungua mdomo. Grasiana, aliyekuwa karibu, anasema aliuona ulimi wake ukianza. Kisha akaufunga. Siku ya nne alichukua chungu chake akarudi Handeni. Marehemu alimwomba mkewe asimlaumu. "Mimi ndiye niliyemfundisha kutoamini," alisema. "Tangu nina miaka kumi na mitatu." Karibu wiki nne baadaye, alfajiri ya jana, aliomba ageuziwe uso mlangoni, akageuziwa, akakata roho bila maneno ya mwisho.

Wasifu wa kawaida huishia hapo, na yanayofuata hayamo katika nakala zilizochapwa. Lakini mliokuwapo hapa leo asubuhi mmeona yaliyofuata, na wasioona ni haki yao kusikia.

Kuanzia jana asubuhi nyumba hii ilikaa kimya. Wanawake wa Kilole walikuja, wakakaa mkekani, na hakuna aliyelia. Mzee Mwinjuma alieleza kwa heshima: wao walikwisha kumlilia Simeo kwa majina yake yote, wakanyoa, na mtu haliliwi mara mbili, anayeliliwa mara mbili huvuta mwingine. Grasiana alilia peke yake kama mgeni katika nyumba yake.

Leo saa nne asubuhi basi la Handeni lilimshusha Bi. Mwatumu. Safari hii alikuja mikono mitupu. Hakuingia ndani. Alizunguka nyumba. Aliangalia nyuma ya migomba, akaangalia chooni, akafungua banda la kuku, akanyanyua turubai la lori lililoegeshwa barabarani. Watu walimfuata kwa macho. Hatimaye Mzee Mwinjuma akamwendea.

"Shikamoo, mama. Unatafuta nini tukusaidie?"

"Mashine iko wapi?"

"Mashine ipi?"

"Ya yule Mzungu. Safari ile alisimama nayo wapi?"

"Safari ile alisimama pale shambani. Leo hayupo, mama. Alikwisha kwenda kwao, mwaka wa nne huu."

"Na ninyi, leo nani amewaambia mje?"

Mzee Mwinjuma alitazama nyuma yake, kama anayetafuta mtu wa kumjibia. "Hakuna," akasema. "Tumekuja tu."

"Hakuna aliyewaita?"

"Hakuna, mama."

Bi. Mwatumu aliacha kutafuta. Kisha akavua viatu, akaingia chumbani, akafunga mlango. Aliyoyafanya humo ni yake. Grasiana alikaa nje ya mlango akisubiri kusikia neno lile moja. Marahaba haikusikika, amkio la jana halijibiwi leo. Kilichosikika ni kilio. Kilianza chini, kikapanda, kikawataja Mikaeli na baba yake Mikaeli, na Mdoe na baba yake Mdoe, na wanawake wa mkekani, ambao walikuwa wameapa kutolia tena, wakaitika mmoja baada ya mwingine. Mzee Mwinjuma alichukua jembe akaenda makaburini bila kumwambia mtu.

Bi. Mwatumu alipotoka aliuliza kama kuna karatasi itakayosomwa. Akaambiwa ipo, imekwisha chapwa. Akataka asomewe mwisho wake, pale panapotajwa waliobaki. Akasomewa. Hakuwemo, hakuna aliyethubutu kumwandika bila idhini yake. "Niandikeni," alisema. "Na kama huu nao ni uongo, nitakufa nao mimi." Ndiyo maana katika nakala mlizo nazo mstari wa mwisho wa waliobaki umeandikwa kwa mkono.

Marehemu Simeo Mikaeli, aliyeishi miaka arobaini na miwili, ameacha mjane, Grasiana. Watoto watatu, Elina, Yordani na Josefina. Dada mmoja, Chausiku. Baba mkwe, Mzee Habakuki wa Bungu. Na majirani wa Kilole, ambao leo wamekuja bila kuitwa.

Ameacha pia mama yake mzazi, Mwatumu binti Mdoe wa Handeni.

Simeo alale kwa amani ya Mungu, na safari hii asiinuliwe na mtu.